Tangi la choo huvutwa kabla ya shimo kuziba

Gari la maji taka likionekana mtaani kwetu mwezi Februari, mvua imekolea na njia ya mchanga imekatika mifereji, najua kuna nyumba imechelewa kuvuta tangi lake la maji taka. Hapa Chuno, kama sehemu nyingi za Mtwara mjini, hakuna bomba la mtaa linalokuja kupokea maji ya vyoo vyetu. Kila mwenye nyumba amechimba kwake, amejengea, amefunika kwa zege, kisha amesahau. Kusahau huko ndiko kunakotugharimu.

Naulizwa sana habari hizi. Anauliza shemeji yangu anayejenga Mangamba, wanauliza wapangaji, wanauliza akina mama wa kikoba chetu ambao pesa ya korosho ikiingia kila mmoja anataka choo cha ndani. Mimi si mhandisi. Marehemu baba aliniachia nyumba, vyumba viwili vya kupangisha na tangi la maji taka uani, na nimelitunza tangi hilo kwa kuuliza mafundi, kusoma na kuchungulia mwenyewe. Msimu huu nimemwona jirani akimwaga pesa kwa jambo ambalo lingezuilika kwa mwanzi na kitambaa, na imeniuma. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na kilichopo chini ya zege. Maji ya chooni, bafuni na jikoni yanaingia kwanza kwenye tangi. Tangi zuri lina vyumba viwili, na kazi yake ni kuyatuliza maji. Kizito kinazama na kuwa tope. Mafuta, mabaki ya sabuni na vitu vyepesi vinaelea juu na kuwa utando mnene. Katikati hubaki maji, bado machafu na bado yananuka, lakini hayana vipande. Hayo ya katikati peke yake ndiyo yanayotakiwa kutoka kwenda kwenye shimo la kufyonza, au kwa wenye kiwanja kikubwa, kwenye mitaro yenye mabomba ya matundu yaliyolazwa juu ya kokoto. Huko udongo unayanywa na kuyasafisha. Bakteria wa ndani ya tangi, wanaoishi bila hewa, wanakula sehemu ya tope, ila hawalimalizi. Tope linaongezeka kila mwaka, upende usipende.

Sasa lishike hili. Tangi la maji taka limejaa maji siku zote, tangu wiki zake za kwanza, na hivyo ndivyo linavyofanya kazi. Tunalivuta ili tope na utando visije vikavuka kwenda kwenye shimo la kufyonza. Tangi ukilivuta leo, kesho linafanya kazi kama jipya. Udongo ulioziba hauvutwi na gari lolote.

Na udongo unaziba vipi? Maji ya tangi yanapofika shimoni, bakteria wanajijenga kwenye kuta na chini ya shimo, wanafanya utelezi mweusi. Ukiwa mwembamba una faida: unayapunguza maji kasi na kunasa vimelea vya magonjwa. Lakini ukiuletea chakula kingi, yaani tope na mafuta yaliyotoroka kwenye tangi, utelezi unanenepa hadi maji hayapiti. Anayekuna nazi anajua kifumbu kikishajaa machicha: unamimina tui juu, linasimama pale pale, hata ukikamua. Shimo likifika hapo, mchanga unaolizunguka unaweza kuwa mkavu kabisa huku ndani maji yamesimama hadi shingoni.

Ndivyo ilivyomkuta jirani. Bafu lake lilianza kugugumia kila mtu alipoflashi choo, akadhani ni bomba, akaleta fundi akapitisha waya. Baadaye majani juu ya shimo yakawa ya kijani kupita ya ua mzima, katikati ya kiangazi, wakati sisi wengine ukoka umekauka kama ufagio. Hiyo ni dalili inayopendeza macho, kwa hiyo watu huiacha. Mvua zilipoanza, chemba ikafurika. Akaita gari, likavuta tangi, akapumua. Siku mbili tatu tangi likawa juu tena. Akaita gari lingine. Nilikuwepo mara hiyo, na nilimwomba dereva asiondoke haraka tuangalie ndani. Tangi lilipokuwa tupu, tuliona maji meusi yakirudi kupitia bomba la kutokea, yakitoka kwenye shimo la kufyonza kuingia kwenye tangi. Yalitiririka kama bomba lililofunguliwa nusu. Shimo lilikuwa limekataa. Alikuwa analipia gari kuvuta maji ambayo ardhi ilipaswa kuyanywa bure. Mwishoni ilibidi achimbe shimo jipya, na kiwanja chake ni kidogo, upande mmoja ukuta, upande mwingine kisima cha jirani wa nyuma.

Ukiita gari lolote, fanya kama tulivyofanya siku ile: tangi likishakuwa tupu, angalia bomba la kutokea. Likiwa kavu, shimo lako bado linakunywa. Likirudisha maji, tatizo lako liko kwenye shimo la kufyonza, si kwenye tangi.

Lini sasa uvute? Watu watakuambia miaka mitatu hadi mitano, na kwa nyumba nyingi si kauli mbaya. Lakini tangi na watu hutofautiana. Langu lina urefu wa mita 2, upana mita 1 na kina cha maji mita 1.5, kwa hiyo linabeba lita 3,000. Mafundi na wataalamu wengi hukadiria kuwa mtu mmoja anaacha tope la lita 30 hadi 40 kwa mwaka. Kwetu tuko watu 8 ukijumlisha wapangaji. Chukua 40 mara 8, unapata lita 320 kila mwaka. Kanuni inayotumika ni kwamba tope na utando vikifika theluthi moja ya kina, vuta. Theluthi ya tangi langu ni lita 1,000. Basi ni kama miaka mitatu. Nyumba ya watu 4 yenye tangi kama hili inaweza kwenda zaidi ya hapo. Nyumba ya kupangisha yenye watu 16 haiwezi kumaliza hata miaka miwili, na wenye nyumba za kupangisha ndio hasa ninaowaomba wapige hesabu hii, kwa sababu mpangaji hana habari na tangi, na siku likifurika ataondoka akuachie.

Hesabu ni makadirio tu. Kipimo chenyewe ni mwanzi.

Ninao mwanzi mrefu mnyoofu, umezidi kina cha tangi kwa kimo cha mtu, na sehemu ya chini nimeuzungushia kitambaa cheupe cha taulo kuukuu na kukifunga kwa kamba ya nailoni kila baada ya shubiri. Navaa glovu na viatu vya mpira, nafunua mfuniko mdogo wa chumba cha kwanza, nasimama upande unaotoka upepo na naacha harufu itawanyike kwanza. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna mtoto karibu. Nasukuma mwanzi taratibu, unatoboa utando, unashuka hadi unagonga sakafu. Nauacha dakika chache, nauzungusha kidogo, nautoa polepole ukiwa wima. Taulo linasoma lenyewe: juu limelowa na kuwa la rangi ya chai ya rangi, chini limeshika weusi mzito wenye chembechembe. Mpaka wa weusi unaonekana wazi. Hapo naweka futi.

Kupima utando kuna fimbo nyingine, fupi, iliyopigiliwa kipande cha ubao mwishoni kama jembe. Unaipitisha chini ya utando, halafu unaivuta juu hadi mkono uhisi ubao umegusa. Weka alama kwenye fimbo usawa wa ukingo wa tangi, kisha ipandishe hadi juu ya utando, weka alama nyingine. Tofauti ndiyo unene. Kabla ya kuvuta mara ya mwisho nilipata tope sentimita 34 na utando sentimita 10. Jumla 44, na theluthi ya kina changu ni 50. Nikaweka oda ya gari kabla ya mvua, nikiwa na uwezo wa kuchagua siku na kujadili bei. Anayengoja tangi lifurike hachagui chochote. Mwanzi baadaye naumwagia maji yenye klorini na kuuning'iniza nyuma ya banda, na hautumiki kwa kazi nyingine yoyote.

Jambo moja huwa nalisema kila nikisimama juu ya tangi, na hapa nalisema tena: usiingie ndani ya tangi. Wala usimruhusu kijana aingie kwa sababu ameahidi bei nafuu. Tangi linaloonekana tupu bado lina gesi. Kuna ile inayonuka kama yai viza, ambayo ikizidi inaua pua kwanza, husikii tena harufu, halafu inakuangusha. Na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake. Mfuniko wa zege ulioanza kuonyesha nondo ubadilishwe mara moja, hasa kwenye ua wenye watoto. Sina upole kwenye hili.

Turudi kwenye shimo. Nilipovuta tangi la baba mara ya kwanza niligundua kwamba fundi aliyelijenga hakuweka tii, kile kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, kwenye bomba la kutokea. Bomba la inchi 4 lilikuwa limechomekwa ukutani likiwa nyoofu, usawa wa maji, pale pale utando unapoelea. Maana yake kila aliyeflashi alikuwa anasukuma mafuta kidogo kwenda shimoni. Tii ni kipande cha plastiki cha bei ndogo kuliko kilo ya pweza. Mguu wake wa chini unazama kwenye maji ya katikati, kwenye tangi langu sentimita 60 chini ya uso wa maji, na mguu wa juu unabaki wazi juu ya utando kwa ajili ya hewa na kuzibulia. Kwa kipande hicho utando unabaki ndani. Tuliweka tii mpya tangi likiwa limetoka kuvutwa, fundi akiwa amelala kifudifudi juu ya zege, mkono wake ndio uliozama peke yake, kupitia mfuniko uliokaa juu ya bomba. Nawasihi mnaojenga sasa: mkague kitu hiki kwa macho yenu kabla zege la juu halijamwagwa, na mdai mfuniko juu ya bomba la kuingilia na mwingine juu ya la kutokea. Fundi atakuambia mfuniko mmoja unatosha. Hautoshi.

Vinavyoziba shimo kwa nyumba zetu za huku navijua kwa sura. Cha kwanza ni mchanga. Mtwara ni mchanga: watoto wanarudi kutoka ufukweni Shangani wanaogeshwa bafuni, miguu yote inasuuzwa hapo, na masufuria bado tunayasugua kwa mchanga na majivu. Mchanga hauliwi na bakteria yeyote. Unakaa chini ya tangi na kula nafasi ya maji. Kwangu nimeweka bomba nje, karibu na mlango wa nyuma, watoto wanasuuza miguu kwenye migomba ndipo waingie ndani, na masufuria yanasuguliwa hapo hapo.

Cha pili ni nazi. Hatuwezi kuiacha nazi, na sitaki tuiache. Lakini machicha yasiende kwenye sinki, kuku wanayataka. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yafutwe kwa gazeti kabla ya kuosha. Asubuhi za Julai hata chupa ya mafuta ya nazi inaganda kabatini, na yale uliyomwaga kwenye sinki jana usiku nayo yanaganda kwenye kona ya bomba, yanashika punje za wali, yanashika nyuzi za maembe.

Pampasi, pedi, vitambaa vya kufutia watoto na kondomu sihitaji kueleza. Chooni hapana. Ndoo yenye mfuniko iwepo bafuni, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuinunua, asimwachie mpangaji.

Kuna na dawa. Kila nikienda sokoni naonyeshwa unga wa kumaliza tope, na kila mzee ana tiba yake: mafuta ya taa, chumvi ya mawe, asidi ya betri. Kinyesi chenyewe kinakuja na bakteria wote ambao tangi linawahitaji, kwa hiyo unga wa kununua hauongezi jambo la maana, na tope la kuvutwa litabaki la kuvutwa. Mafuta ya taa na asidi ni hatari kabisa: vinaua bakteria na kuingia ardhini, na ardhi hiyo hiyo ndiyo inayotupa maji ya visima. Klorini kidogo ya kusafishia choo haina neno. Chupa nzima kila Jumamosi ina neno.

Halafu maji yenyewe. Hapa wengi hawaamini, maana wanadhani maji masafi hayawezi kudhuru. Tangi linahitaji muda wa kutuliza. Sisi 8 tukitumia lita 80 kila mmoja, hizo ni lita 640 kwa siku, na tangi la lita 3,000 lina zaidi ya siku nne za kuyatuliza maji. Tope na utando vikishachukua theluthi, zinabaki lita 2,000, siku tatu hivi. Bado si mbaya. Sasa leta unyago. Ndugu wanatoka Newala na Tandahimba, wengine Kitangari, nyumba inalala watu 40, kila mtu anaoga na kujisaidia, mapishi hayakati. Hata kwa lita 60 kila mmoja ni lita 2,400 kwa siku. Maji hayapati hata siku moja ya kutulia, yanapita moja kwa moja na kuburuza tope kwenda shimoni. Msiba wa siku tatu hufanya vivyo hivyo. Hakuna atakayekataza wageni, na mimi ni wa mwisho kukataza. Ila kwenye shughuli tunachimba choo cha shimo cha muda mwisho wa kiwanja, tunaweka bafu la makuti lenye maji yanayoishia kwenye migomba, na vyombo vinaoshwa uani. Shangazi yangu alinung'unika mwanzoni kwamba wageni wanapelekwa nje. Nilimweleza, akaelewa, sasa yeye ndiye anayewaelekeza.

Kinachoshinda hata wageni ni tangi dogo la choo linalovuja kimya kimya. Halisikiki, maji yanateleza tu ukutani mwa bakuli usiku kucha, na kwa siku yanaweza kufika mamia ya lita. Kulijua ni rahisi. Chemsha rozela ikolee sana, mimina kwenye tangi la kuflashia, usiguse kwa nusu saa. Bakuli likishika rangi, ile raba ya chini imechoka. Badilisha. Kwenye vyumba vya wapangaji nafanya jaribio hili kila baada ya miezi michache, na wananizoea wakiniona na jagi.

Mvua za huku zinaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50, linatoa lita 5,000. Maji hayo yakielekezwa upande wa shimo la kufyonza, umelijaza kuliko tangi zima la maji taka kwa mvua moja. Kwa hiyo mfereji wa paa unatakiwa kwenda upande mwingine kabisa, na udongo juu ya shimo uwe na mwinuko kidogo ili maji ya ua yasituame hapo. Gari lisipite juu, wala lisiegeshwe. Juu ya mitaro na shimo otesha majani mafupi tu. Mwembe, mwarobaini na mkorosho viwe mbali, kwa sababu mizizi yao inanusa maji na itaingia kwenye kila tundu la bomba. Bamia na mchicha pia visipandwe hapo.

Shemeji wa Mangamba, hii ni yako. Usikubali fundi akuambie "huku mchanga, shimo lolote linakunywa". Mchanga unakunywa haraka, kweli, lakini haraka mno nako kuna ubaya wake, maji yanafika kwenye kisima kabla hayajasafishwa. Karibu na bahari kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na kwenye nyufa hakuna kuchujwa kokote. Mabondeni utakuta mfinyanzi. Chimba kishimo cha majaribio mpaka kina unachotaka shimo lako liwe, kijaze maji, kiache kilowe usiku kucha. Kesho yake mwagia tena, simamisha futi, tazama saa: maji yakishuka sentimita 2.5 kwa dakika chache, udongo ni mzuri. Yakichukua zaidi ya dakika 60, hapo hapafai. Yakitoweka chini ya dakika moja, fikiria tena habari ya kisima. Shimo likae angalau mita 30 kutoka kisima chochote, pamoja na cha jirani, na chini yake pabaki mita 1.5 za udongo mkavu hata wakati wa mvua. Penye maji ya karibu, kama viwanja vingi vya chini pwani, mitaro mifupi ya juu juu ni bora kuliko shimo refu. Shimo refu linaingia ndani ya maji ya ardhini, basi unawanywesha majirani.

Na ukiwa na uwezo, chimba mawili. Hili ndilo jambo lililoiokoa nyumba yetu kuliko yote. Baada ya tangi kuna chemba ndogo yenye matokeo mawili, moja kwa kila shimo, na tokeo moja limezibwa kwa kizibo cha bomba. Shimo moja linafanya kazi, jingine linapumzika. Shimo lililopumzika linakauka, hewa inaingia kwenye udongo, na ule utelezi mweusi, ukishakosa chakula na kupata hewa, unaliwa na kusinyaa. Nimewahi kufunua lile lililopumzika mwaka mzima: kuta zilizokuwa nyeusi zilikuwa zimekuwa kahawia, zimepasukapasuka, na nilipomwaga ndoo ya maji ilinywewa nikiwa bado nimeishika. Nahamisha kizibo kila mwaka mwezi Oktoba, kabla ya mvua. Shimo lililozibwa na tope la kweli, au mafuta ya miaka mingi, halitapona kwa njia hii, lakini lililochoka kwa kawaida linapona.

Kwa aliye na shimo moja linaloanza kuchoka, fanya haya kwa pamoja: vuta tangi vyumba vyote viwili, weka tii, tengeneza kila kinachovuja, elekeza maji ya kufulia kwenye migomba, toa maji ya paa. Lipe shimo kiangazi kizima cha mzigo mdogo kabla hujaamua kuchimba lingine.

Gari likija, uliza linamwaga wapi. Linalomwaga porini au kwenye mkondo wa bahari linakuletea ugonjwa nyumbani kwa njia ndefu. Waulize MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara mjini, au afisa afya wa kata wakuelekeze kwa wanaofuata taratibu. Mwambie dereva afunue mifuniko yote, asipitishe paipu kwenye bomba la choo, na akoroge tope la chini kabla halijabaki peke yake, la sivyo atavuta maji mepesi na kukuachia lile lile ulilomwitia. Usimwache aondoke kabla mwanzi haujaingia tena.

Nyuma ya mlango wa stoo nimeandika kwa rangi ya mafuta: kina cha tangi 150, theluthi 50, tarehe ya kuvuta, kipimo cha kila Septemba, shimo lipi linafanya kazi, na mahali mifuniko ilipo ukipima kutoka kona ya jiko. Wapangaji wanaijua. Binti yangu wa mwisho, aliye kidato cha pili, ndiye aliyeandika mstari wa mwaka huu baada ya kusoma taulo mwenyewe, na alipata sentimita 21.